Damu ya Motokari: Tujifunze Kusoma Rangi ya Mafuta ya Buwati Otomatiki

UKURASA WA USALAMA NA AFYA
Somo la msaidizi wa munganga, dispanseri ya kampuni, Kambove



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya vumbi, kofia, viatu vya kazi na maji safi. Leo tutasema juu ya motokari ndogo inayosimama uani, ile ambayo baba anaifungua kapo siku ya Jumapili huku watoto wakimzunguka.

Motokari nyingi ndogo tunazoziona Kambove na Likasi zilitumika kwanza Japani: Toyota IST, Vitz, Corolla, Honda Fit na nyinginezo. Hufika kwa meli kwenye bandari za mbali kama Dar es Salaam au Durban, halafu hupanda kwa barabara kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa. Nyingi kati yake zina buwati otomatiki, yaani hazina pedali ya ambreyaji, na vitesi hujibadili zenyewe. Wengi wetu tulijifunza kwa buwati ya mkono. Kwa sababu hiyo tunaziendesha na kuzitunza hizi mpya kwa desturi za zamani, na buwati zinakufa kabla ya wakati wake.

1. KWA NINI MUNGANGA ANASEMA JUU YA MAFUTA YA MOTOKARI?

Kwa sababu tatu.

Ya kwanza: usiku, motokari ya jirani ndiyo inayompeleka mgonjwa. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku, au mtoto akitetemeka kwa malaria, watu hugonga kwa yule mwenye motokari. Buwati ikigoma katikati ya njia ya Kambove kwenda Likasi, si chuma peke yake kilichoharibika. Kuna mtu ndani.

Ya pili: kazi ya uani huumiza watu. Kriki huteleza, mafuta ya moto huchoma, ngozi hupasuka.

Ya tatu: mafuta haya ni mekundu, na mafuta ya mawese ni mekundu pia. Mtoto hawezi kuyatenganisha yakiwa katika chupa moja.

2. BUWATI OTOMATIKI INAFANYAJE KAZI?

Chukua mashine mbili za kupepea, uziweke zikitazamana. Washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili, ijapokuwa hazigusani. Ndivyo ilivyo kati ya moteri na buwati otomatiki, lakini mahali pa upepo pana mafuta. Moteri inazungusha pangaboi la kwanza, pangaboi linasukuma mafuta, mafuta yanazungusha pangaboi la pili, na nguvu inaingia ndani ya buwati.

Ndani ya buwati mna meno yanayozungukana, na sahani nyembamba zilizopakwa kitu kama kile kilicho kwenye freni. Pompi inatuma mafuta kwa nguvu, mafuta yanazibana sahani hizo, na vitesi inaingia. Yakiachia hizi na kubana zile, vitesi inabadilika.

Basi mafuta haya yana kazi nne kwa mara moja: kupeleka nguvu, kubana sahani, kulainisha meno, na kubeba joto kulipeleka kwenye radiateri lipoe. Ndiyo maana tunayaita damu. Damu nayo hupeleka nguvu na hubeba joto, na ikipungua au ikichafuka, mwili wote unalia.

Tushike neno moja hapa. Mafuta ya moteri huweza kupungua kidogo kwa kuungua. Mafuta ya buwati hayaungui na kutoka kwa moshi. Yanazunguka mahali palipofungwa. Yakipungua, yamevuja. Usiongeze tu na kusahau, tafuta jeraha.

3. ADUI NI JOTO

Kwa kawaida mafuta haya hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 70 mpaka 90 hivi. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mafuta huchakaa karibu mara mbili ya upesi. Mafuta yaliyochakaa huacha utando wa kunata, utando unakwamisha vali ndogo, vali zinachelewa, sahani zinateleza badala ya kubana, na kuteleza kunaleta joto jingine. Ni mzunguko mbaya, kama mgonjwa asiyekula kwa sababu ni dhaifu, na ambaye ni dhaifu kwa sababu hali.

Joto hilo linatoka wapi kwetu? Linatoka kwenye vilima. Linatoka kwenye mizigo: magunia ya makala juu, watu saba ndani ya gari la watu watano. Linatoka kwenye radiateri iliyozibwa na vumbi la kiangazi. Tena linatoka kwenye matope ya masika, mtu anapokanyaga sana huku pine zinazunguka mahali pamoja. Dakika chache za kukwama matopeni na moteri ikilia huweza kuyaunguza mafuta kuliko safari ndefu.

4. NAMNA YA KUPIMA

Motokari nyingi za zamani kidogo zina joji ya mafuta ya buwati, yaani fimbo ya kupimia, mbali na ile ya mafuta ya moteri. Usizichanganye. Baadhi ya motokari mpya zaidi hazina fimbo hiyo. Hupimwa kwa kizibo cha chini, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa Toyota nyingi zenye fimbo, fanya hivi:

(a) Endesha kama dakika 20 ili mafuta yapate moto wake wa kazi.
(b) Simama mahali palipo sawa, nje, penye hewa. Usifanye ndani ya garaji iliyofungwa: moshi wa moteri una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anasinzia.
(c) Vuta freni ya mkono na uweke mawe au vipande vya mti kwenye pine. Moteri ikiwa inazunguka polepole na mguu ukiwa kwenye freni, pitisha leviye kila mahali, P mpaka L, kisha rudisha P.
(d) Moteri ikizunguka bado, toa fimbo, ipanguse kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, itoe tena, usome. Mafuta yakiwa moto, tazama alama za upande wa HOT. Yakiwa baridi, alama za COOL ni za kukadiria tu.

Honda nyingi hupimwa kwa namna nyingine: moteri ikiisha kupata moto huzimwa, kisha fimbo husomwa mara, katika dakika moja au moja na nusu. Kitabu cha motokari yako ndicho chenye neno la mwisho.

Wakati wa kupima, vifungo vya shati vifungwe, tai na kitambaa cha shingo vitolewe, na watoto wakae mbali. Mkanda na pangaboi la moteri havichagui nguo na mkono.

5. KUSOMA RANGI

Pakaza tone moja juu ya karatasi nyeupe. Tazama, nusa, kisha sugua katikati ya vidole viwili ukiwa umevaa glavu nyembamba. Munganga naye hatazami ulimi peke yake. Anapima homa, anasikiliza kifua, anauliza. Rangi pia haitoshi kuhukumu: iende pamoja na harufu, uchafu na mwendo wa motokari.

NYEKUNDU, SAFI, YENYE KUPENYA MWANGA. Ni nzima. Weka siku ya kupima tena.

NYEKUNDU ILIYOFIFIA, KAMA TOFALI AU CHAI NZITO. Mafuta yamezeeka. Kama harufu si ya kuungua na vitesi zinaingia vizuri, si ugonjwa bado, lakini panga kubadili. Tujue pia kwamba mafuta mengine hugeuka rangi mapema, na buwati ikiwa nzima kabisa.

KAHAWIA NZITO AU NYEUSI, YENYE HARUFU YA KUUNGUA. Joto limepita kiasi na sahani zimeanza kuungua. Mara nyingi utaona pia dalili: vitesi inachelewa kuingia ukiweka D, moteri inalia juu lakini motokari haiendi sawasawa, kuna mgongano wakati wa kubadili. Ipelekwe kwa fundi upesi, na isichukuliwe kwa safari ndefu.

PINKI YENYE MAZIWA, KAMA MAZIWA YA NDIZI YALIYOTIWA RANGI. Maji yameingia. Katika motokari nyingi mafuta ya buwati hupita ndani ya radiateri ili yapoe. Ukuta wa katikati ukitoboka kwa kutu, maji na mafuta huchanganyika. Maji huweza pia kuingia ukivuka mto uliofurika. Hapa usiendeshe hata kilomita moja kama huna lazima ya kuokoa maisha: maji yanabandua kile kilichopakwa kwenye sahani. Tazama na maji ya radiateri. Ukiona utando wa mafuta juu yake, shaka imekwisha.

POVU. Ama mafuta yamezidi na meno yanayapiga, ama yamepungua na pompi inavuta hewa. Vyote viwili ni vibaya. Yasizidi alama, hata kidogo kwa moyo mwema.

VUMBI LA KUNG'AA. Ndani ya karteri ya buwati mna sumaku ndogo za kukamata chuma. Uji wa kijivu laini juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho au kusikika kati ya vidole ni chuma kinachovunjika.

RANGI YA KIJANI AU MANJANO. Usiogope kwanza. Si mafuta yote ni mekundu. Buwati za mkanda, zisizo na hatua za vitesi, hutumia mafuta yake peke yake, na baadhi yake yametiwa rangi nyingine tangu kiwandani.

Wenzetu wa mashine kubwa mgodini wanaelewa jambo hili. Mafuta ya buwati ya gari kubwa la kubeba mawe hubadilishwa kwa hesabu ya masaa, na hutolewa kidogo yapimwe, kama tunavyochukua tone la damu kidoleni. Tusingoje mashine ife ndipo tuipime. Vivyo hivyo nyumbani.

6. KUBADILI MAFUTA

Wengine husema: "Mafuta ya buwati otomatiki ni ya maisha, hayabadilishwi." Neno hilo linategemea unamaanisha maisha ya nani. Kwa motokari ya taksi, ya vilima, ya vumbi na mizigo, mafundi wengi hushika kilomita 40,000 hivi. Kama umenunua motokari iliyotumika na hujui historia yake, anza na kupima, wala usiamini kilomita zilizoandikwa mbele peke yake.

Wengine husema: "Ukibadili mafuta ya buwati ya zamani, buwati inakufa." Ukweli ni huu. Buwati iliyokwisha kuungua sahani zake ni mgonjwa mahututi tayari. Mafuta mapya hayawezi kurudisha kile kilichoungua, na akifa kesho yake tunailaumu dawa. Ila kusukuma mafuta kwa mashine yenye nguvu ndani ya buwati iliyosahauliwa miaka mingi kunaweza kung'oa uchafu na kuziba njia ndogo. Kwa hiyo njia ya kumwaga kwa kizibo na kujaza polepole ina heri zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Ukifungua kizibo cha chini, mafuta yote hayatoki. Mengi hubaki ndani ya mapangaboi na njia ndogo. Katika motokari kama Toyota IST hutoka lita 3 hivi, na ndani hubaki nyingine zipatazo hizo. Basi ukimwaga na kujaza mara moja, nusu ni mapya na nusu ni ya zamani. Endesha siku chache, mwaga tena lita 3: ya zamani yamebaki robo. Mara ya tatu: yamebaki sehemu moja kati ya 8. Kwa hiyo usishangae rangi ikiwa kahawia tena siku mbili baada ya mara ya kwanza. Fundi hakukuibia, hesabu ndiyo inavyosema.

Pima kile ulichomwaga kwa chupa zenye alama, urudishe kiasi kilekile, kisha uhakikishe kwa fimbo mafuta yakiwa moto. Fundi akifungua karteri, asafishe sumaku, atazame filtri, abadili na kifungio chake.

7. MAFUTA YA AINA GANI?

Mkiona mafuta ni mekundu, msidhani yote ni ndugu. Rangi ni ya kutiwa, ili mtu aone haraka kwamba kinachovuja ni mafuta ya buwati wala si ya moteri. Mtu mwenye hila anaweza kutia rangi hata mafuta ya zamani yaliyochujwa. Rangi nyekundu si cheti. Nunua bidoni iliyofungwa, kwa mwuzaji unayeweza kumrudia.

Soma jina la aina. Kwenye fimbo ya Toyota nyingi limegongwa lenyewe: T-IV. Toyota za baadaye zina WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Mafuta haya mawili hayabadilishani nafasi. Honda ina yake, Nissan ina yake. Buwati ya mkanda ikitiwa mafuta mekundu ya kawaida, mkanda unaweza kuteleza na kuharibika.

Historia inatufundisha jambo hilo. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza buwati yake ya Hydra-Matic katika Oldsmobile za mwaka wa 1940. Mwaka 1967 ilitoa mafuta yaitwayo DEXRON. Katika mafuta ya siku zile palikuwa na kidogo cha mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yalifanya sahani zibane kwa ulaini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda wanyama wanaokwisha iliukomesha utumizi huo, na wanakemia wakalazimika kutafuta kitu kingine cha kufanya kazi ileile. Kitu kidogo tu ndani ya mafuta hubadili namna sahani zinavyobana. Ndiyo maana "mafuta ni mafuta" si neno la mtu mwenye akili.

8. NAMNA YA KUENDESHA KATIKA NJIA ZETU

Simamisha motokari kabisa kabla ya kutoka R kwenda D, au D kwenda R.

Usiweke N kwenye mteremko kwa kuokoa esanse. Unapoteza nguvu ya moteri ya kuzuia, na freni zinabaki peke yake. Kwenye mteremko mrefu na mzigo, tumia 2 au L.

Ukisimama, vuta freni ya mkono kwanza, ndipo uweke P. Ile P inashikwa na kijino kimoja kidogo tu ndani ya buwati. Kilimani, uzito wote usiachiwe kijino hicho.

Betri ikifa, usiwaite vijana kusukuma. Motokari ya buwati otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pompi ya mafuta inazungushwa na moteri. Kwa sababu hiyohiyo usiivute kwa kamba huku pine zinazoendesha zikiwa chini: meno yanazunguka makavu. Pine hizo ziinuliwe, au motokari ipandishwe juu ya lori.

Na hili ni la roho. Motokari nyingi za Japani zina usukani kuume, nasi katika Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Shofere wa namna hiyo haoni mbele vizuri akiwa nyuma ya lori. Kama tena buwati yake inachelewa kushusha vitesi, anatoka kulipita lori la shaba, anakanyaga, moteri inalia, motokari haiongezi mwendo, na mbele yake lori jingine linakuja. Mwenye buwati inayoteleza asipite mtu. Abaki nyuma, afike amechelewa.

9. USALAMA WA FUNDI WA UANI

Mtu asiingie kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka vishikio vya chuma au magogo mazito ya mti mgumu, kwenye ardhi ngumu. Matofali hupasuka ghafula bila kuonya. Asifanye peke yake. Awepo mtu mzima karibu.

Mafuta ya nyuzi 80 huunguza ngozi mara moja. Yaache yapoe kabla ya kufungua kizibo. Ukiungua: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha dispanseri. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu. Mafuta yakiingia jichoni: maji mengi kwa dakika 15 na uje.

Mafuta yanayodondoka juu ya bomba la moshi lenye moto huweza kuwaka. Ukisikia harufu ya mafuta yanayoungua, simama, zima, toa watu kwanza.

Mikono ya fundi ifunikwe na glavu. Usinawe kwa esanse. Inakausha ngozi na kupenya mwilini. Sabuni na unga wa mbao vinatosha. Usiweke kitambaa cha mafuta mfukoni mwa suruali. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyakazi wa viwanda vya pamba Uingereza walipata saratani ya ngozi mahali ambapo nguo zao zililowa mafuta ya mashine miaka kwa miaka. Mafuta ya siku hizi yamesafishwa zaidi, lakini mafuta yaliyotumika ni machafu, na ngozi haisahau. Mama, nguo hizo zifuliwe mbali na nguo za mtoto.

Kwa wenzetu wa mashine kubwa: mpira wa mafuta wenye nguvu ukitoboka na mafuta yakapenya chini ya ngozi, kidonda huonekana kidogo kama kuumwa na mdudu. Usirudi kazini. Njoo saa ileile. Mkono unaweza kupotea.

10. MAFUTA NYUMBANI

Usiweke mafuta ya motokari ndani ya chupa ya maji, ya limonadi au ya mawese, hata kwa siku moja. Yakae katika bidoni yake, yameandikwa, yamefungwa, mbali na jikoni, juu ya kimo cha mtoto. Bidoni tupu isifanywe ya maji ya kunywa wala ya mafuta ya kupikia.

Mwaka 1959, huko Meknes nchini Moroko, wafanyabiashara walichanganya mafuta ya kupikia na mafuta ya mashine za ndege yaliyotoka katika mabaki ya kambi ya jeshi la Marekani. Watu wapatao 10,000 walipata ugonjwa wa kupooza. Yalikuwa mafuta ya aina nyingine, si haya ya buwati, lakini fundisho ni lile lile: mafuta ya mashine hayana njia ya kuingia kwenye sufuria.

Mtoto akinywa, au mkubwa akivuta kwa mpira na mdomo, fanyeni hivi. MSIMTAPISHE. Msimpe mawese wala maziwa, ingawa wazee wengi husema hivyo. Tumboni mafuta haya huwa na madhara machache. Hatari kubwa ni kifua. Akitapika, mafuta huingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Mpanguseni mdomo, mweke ameketi, mmlete dispanseri pamoja na chupa yenyewe tuione. Akikohoa, akipumua haraka, akiwa na usingizi au homa, ni lupitalo upesi. Hata akionekana mzima, mleteni. Dalili huweza kuchelewa kwa masaa.

Mafuta yaliyotumika msiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Yakusanyeni katika bidoni na kuyapeleka garaji inayoyapokea. Msiyapake kwenye kitanda, kwenye ghala la mahindi, wala kwenye kidonda cha mbuzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mafuta ya buwati yamepungua kidogo kila mwezi. Je, yanaungua? — Hapana. Yanavuja. Tafuta mahali.
2. Fimbo imeonyesha rangi ya tofali, hakuna harufu, vitesi zinaingia vizuri. Je, buwati imekufa? — Hapana. Panga kubadili mafuta.
3. Fimbo imeonyesha pinki ya maziwa. Je, naweza kufika Likasi kwa fundi? — Usiendeshe. Fundi aje, au motokari ibebwe.
4. Nimemwaga na kujaza mara mbili nusu kwa nusu. Mafuta ya zamani yamebaki kiasi gani? — Robo.
5. Mtoto amekunywa mafuta mekundu ya bidoni. Nimpe mawese atapike? — Usimtapishe, usimpe kitu. Mlete pamoja na chupa.

Baba mwenye motokari, kata kipande hiki ukiweke ndani ya boksi ya mbele, pamoja na karatasi ndogo: tarehe ya kupima, rangi uliyoiona, kilomita zilizosomwa. Mgonjwa mwenye kadi hutibiwa vizuri kuliko asiye na kadi, na motokari ni vivyo hivyo. Siku jirani atakapogonga usiku akiwa na mtoto mikononi, utawasha moteri bila kuogopa.